Maiti Wasiozikwa: Historia ya Vyama vya Kugandisha Miili na Fiqhi ya Jeneza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukurani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mauti na uhai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na Ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Kila mwanafunzi aliyepita katika mlango wa jeneza anajua kwamba Mwislamu akifa, walio hai wanawajibika kumfanyia mambo manne: kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Ni fardhi kifaya. Wakiyatimiza baadhi ya watu, wengine wote husalimika, na yakiachwa, mji mzima hupata dhambi. Katika makala hii tunataka kueleza habari za watu ambao lile la nne wamelikataa. Hawazikani wala hawachomani moto. Wakifa hutiwa ndani ya matangi ya baridi kali, nao hutumaini kwamba ipo siku waganga wa zama zijazo watawafufua.

Huenda msomaji akauliza: imamu wa msikiti ana haja gani na mambo haya? Haja zipo mbili. Ya kwanza ni kwamba Waislamu leo wanaishi katika nchi yanakofanyika. Kimoja kati ya vyama vikubwa vya kazi hii kiko Clinton Township katika jimbo la Michigan, Marekani, si mbali na Dearborn, mji mashuhuri kwa wingi wa Waislamu wake. Mtu aliyesilimu huko huenda akawa na jamaa wenye mkataba wa namna hii, au akawa na wake mwenyewe aliouweka kabla ya kusilimu. Haja ya pili ni kubwa zaidi. Ukiwatazama watu hawa kazini, siku baada ya siku, unaona wazi yale ambayo sharia imeyafunga kwa kaburi, na unaona yanavyobaki wazi pale kaburi linapokosekana.

Asili ya jambo

Mwanzo wake si uchawi wala ushirikina, bali ni elimu ya maabara. Mwaka 1946 mwanasayansi wa Kifaransa, Jean Rostand, alieleza kwamba mbegu za uzazi za chura zikitiwa dawa iitwayo gliserini huweza kustahimili baridi. Mwaka 1949 wataalamu wa Uingereza walifanikiwa kwa mbegu za jogoo. Kutokana na elimu hiyo imekuja faida inayojulikana na wote: leo huhifadhiwa mbegu za mifugo, damu, ngozi na hata mimba changa, na mwaka 1984 alizaliwa huko Australia mtoto wa kwanza aliyetokana na mimba iliyogandishwa.

Alikuwapo Marekani mwalimu wa fizikia, jina lake Robert Ettinger, aliyezaliwa mwaka 1918, na aliyejeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Alizisoma habari za Rostand akavuka nazo mpaka. Ikiwa mbegu hugandishwa ikarudi hai, alisema, kwa nini asigandishwe mtu mzima? Na ikiwa tiba ya leo haimwezi mgonjwa, kwa nini asipelekwe kwa tabibu wa kesho? Mwaka 1962 aliyaandika hayo katika kitabu alichokichapisha mwenyewe, na mwaka 1964 kikatolewa na mchapishaji mkubwa kikaenea.

Mtu wa kwanza kugandishwa kwa utaratibu huo, na ambaye mwili wake upo hata leo, ni James Bedford, mwalimu wa saikolojia. Alikufa kwa saratani tarehe 12 Januari 1967 huko California, umri wake miaka 73. Tangu siku hiyo mwili wake umehama mara nyingi. Umewekwa Arizona, ukarudishwa California, ukawahi kuwa chini ya uangalizi wa jamaa zake wenyewe, mpaka mwaka 1982 ulipochukuliwa na chama kiitwacho Alcor, kilichoanzishwa mwaka 1972. Chama hicho kilihamia Scottsdale, Arizona, mwaka 1994, na Bedford akahama nacho. Aliacha fedha kwa ajili ya utafiti wa jambo hili, lakini baadhi ya jamaa zake walipinga mahakamani, na mkewe na mwanawe wakazitumia fedha nyingi kuutetea wasia wake.

Ettinger naye alianzisha chama chake huko Michigan mwaka 1976, kiitwacho Cryonics Institute. Mtu wa kwanza kuwekwa humo, mwaka 1977, alikuwa mama yake mzazi. Kisha wakawekwa wake zake wawili, kila mmoja kwa zamu yake, na mwaka 2011 akawekwa yeye mwenyewe. Leo kila kimoja katika vyama hivi viwili kina watu zaidi ya 200.

Kazi zao za kila siku

Mwanachama huvaa bangili ya chuma au kidani chenye maandishi ya kumweleza daktari cha kufanya na nani wa kumpigia simu. Hutia saini mikataba mingi. Katika sheria ya Marekani, chama kama Alcor humpokea maiti kwa njia ile ile ambayo mtu huutoa mwili wake kwa chuo cha utabibu, yaani kama sadaka kwa elimu. Wanachama hushauriwa pia kuandika hati ya kupinga kupasuliwa maiti kwa sababu za itikadi, katika majimbo yanayoikubali hati hiyo. Hapa wamekutana na Waislamu mlango mmoja, ingawa kila mmoja anakwenda kwake: sisi twapinga kupasuliwa bila dharura kwa ajili ya heshima ya maiti, na wao wapinga kwa kuwa kuchelewa kunawaharibia kazi.

Mgonjwa akikaribia kufa, Alcor hutuma watu wa kungoja karibu na kitanda. Huenda wakangoja saa chache au siku kadhaa. Vyombo vyao huwa tayari: beseni kubwa la kuwekea barafu, mashine ya kukandamiza kifua, na dawa za kuzuia damu isishikane. Sheria haiwaruhusu kumgusa mpaka daktari atamke kwamba mgonjwa amekufa. Akishatamka, wao huanza papo hapo. Mwili hulazwa katika maji ya barafu, na mashine husukuma kifua ili damu izunguke tena, si kwa kumhuisha, bali ili baridi na dawa zifike kwenye ubongo. Kisha mishipa mikubwa hufunguliwa, damu hutolewa, na mahali pake hutiwa dawa ya kuzuia chembe za barafu, ili mwili uwe mgumu mfano wa kioo pasina barafu kuupasua ndani. Baada ya hapo hupozwa kwa siku nyingi mpaka kufikia nyuzi 196 chini ya sifuri, ambayo ndiyo baridi ya naitrojeni iliyogeuzwa kuwa maji.

Wapo wanaohifadhiwa mwili mzima, na wapo wanaokatwa kichwa kikahifadhiwa hicho peke yake, kwa madai kwamba mtu ni ubongo wake na kiwiliwili kitapatikana baadaye. Bei zatofautiana. Kwa miaka mingi Alcor ilitoza dola 200,000 kwa mwili mzima na dola 80,000 kwa kichwa. Cryonics Institute ilitoza dola 28,000 kwa mwanachama wa maisha. Wengi hulipa kwa bima ya maisha, ambayo chama ndicho huandikwa kuwa mpokeaji.

Baada ya shughuli hiyo ya siku za mwanzo hufuata kazi isiyokuwa na mwisho. Ukumbi wa Alcor umesimamishwa matangi marefu ya chuma, mfano wa chupa kubwa za chai, yenye kuta mbili na utupu katikati. Tangi moja huingia miili minne mizima pembezoni na vichwa vitano katikati. Miili huwekwa kichwa chini na miguu juu, ili naitrojeni ikipungua, miguu ndiyo itangulie kupata joto na kichwa kisalie. Matangi hayo hayatumii umeme. Yanategemea naitrojeni, nayo huchemka na kupotea kidogo kidogo kila siku. Kwa hiyo ni lazima lori lilete nyingine, na mtu apite akipima kina, aongeze, na aandike alichoongeza. Juma hili hufanywa hivyo, na juma lijalo, na mwaka ujao. Wale waliomo humo hawaitwi maiti bali wagonjwa, na mfuko wa fedha za kuwatunza huitwa mfuko wa uangalizi wa wagonjwa. Pamoja nao huhifadhiwa pia mbwa na paka wa wanachama.

Hii ndiyo hali yao. Hakuna tabibu anayezunguka kutazama wagonjwa, wala hakuna dawa inayotolewa. Kuna mlinzi, kipimo cha kina, hati ya malipo na lori la naitrojeni.

Ilivyokuwa Chatsworth

Mlolongo huo ukikatika hutokea nini? Historia imekwisha kujibu. Jumuiya ya wagandishaji ya California iliweka miili katika chumba cha chini ya ardhi kwenye makaburi ya Chatsworth, karibu na Los Angeles. Kiongozi wake hakuwa mtabibu. Alikuwa fundi wa televisheni, naye ndiye aliyeshiriki kumgandisha Bedford. Aliwapokea watu ambao jamaa zao hawakuweza kulipa, au walilipa mwanzo kisha wakaacha. Fedha zikaisha, vyombo vikaharibika, naitrojeni ikakosekana. Jamaa wengine hawakuambiwa. Ilipofika mwaka 1979 ilijulikana kwamba miili tisa ilikuwa imeyeyuka na kuoza humo. Kesi ilifunguliwa, na mwaka 1981 baraza la mahakama likaamuru jamaa walipwe fidia karibu ya dola milioni moja.

Katika watu wote waliogandishwa kabla ya mwaka 1973, Bedford ndiye pekee aliyebaki. Wengine mwisho wao ulikuwa ule ule wa wanadamu wote, ila waliufikia kwa kuchelewa na bila ya heshima.

Vyama vya leo vimejifunza. Hudai fedha yote mwanzo, huitenga katika mifuko ya amana, na hutumia faida yake. Lakini kilichobadilika ni urefu wa kamba tu. Bado mwili unaning'inia kwa kamba ya walio hai. Maiti wetu tukishamfukia udongo hana haja ya hazina wala mlinzi. Mwenyezi Mungu, kama ilivyo katika Surat Qaf aya ya 4, anajua kila ardhi inachokipunguza kwao, na kwake kuna kitabu kinachohifadhi.

Mahakama zilivyosema

Wagandishaji husema kwamba mtu wao hajafa kweli kweli. Mahakama zililazimika kulikabili dai hilo, na majibu yao yanafaa kuzingatiwa na wanafunzi wa fiqhi.

Mwezi wa Desemba 1987 mwanamke mkongwe aitwaye Dora Kent, umri wake miaka 83, alikufa katika jengo la Alcor huko Riverside, California, na kichwa chake kikatengwa. Daktari hakuwapo wakati wa kufa. Wachunguzi wa vifo wa serikali wakauliza: je, alikuwa amekufa kabla ya kazi kuanza, au kazi ndiyo iliyomwua? Walikitaka kichwa wakipasue, wanachama wakakificha, na baadhi yao wakakamatwa. Mwishowe mahakama ilizuia kichwa kisiyeyushwe, na hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Lakini swali lile lilikuwa la haki, na laonyesha kwa nini sharia haikuruhusu maiti afanyiwe jambo lolote mpaka mauti yake yathibiti.

Baada yake alikuja Thomas Donaldson, mtaalamu wa hisabati mwenye uvimbe katika ubongo. Aliiomba mahakama ya California aruhusiwe kugandishwa akiwa hai kabla uvimbe haujamla ubongo. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilimkatalia, kwani kumsaidia mtu afe ni kosa hata akiitaraji siku ya kurudi. Hapa palionekana ukweli wa mambo: kwa sheria ya nchi yao wenyewe, kugandisha mtu aliye hai ni kumwua.

Nchini Ufaransa, daktari mmoja aitwaye Raymond Martinot alimweka mkewe, aliyefariki mwaka 1984, katika friji chini ya nyumba yake. Naye alipokufa mwaka 2002, mwanawe akamweka humo humo. Kesi ilifika Baraza la Taifa, ambalo ni mahakama ya juu ya mambo ya utawala, na tarehe 6 Januari 2006 likaamua kwamba sheria ya Ufaransa inatambua njia mbili tu kwa maiti, kuzikwa au kuchomwa. Kabla ya utekelezaji, friji lenyewe liliharibika. Mtoto aliyekuwa amepigania miaka minne akaridhia wazazi wake wachomwe.

Na huko Michigan, mwaka 2003, serikali ya jimbo iliamuru chama cha Ettinger kisimamishe kazi. Suluhu iliyopatikana mwaka 2004 ni kukisajili kuwa ni makaburi. Wao walipaita mahali pa wagonjwa, na sheria ikapatazama na kupaita kwa jina lake.

Msichana wa London

Iliyo nzito kuliko zote kwetu ni ya mwaka 2016. Msichana wa miaka 14 alikuwa anakufa kwa saratani hospitalini London. Alitaka agandishwe. Mama yake aliridhia, baba yake akapinga, na kwa kuwa wazazi walikuwa wametengana, mtoto aliomba mahakama imwachie mama yake peke yake uamuzi wa maziko. Alimwandikia jaji barua akieleza kwamba hataki kuzikwa na anatamani kuishi zaidi. Jaji Peter Jackson alimtembelea kitandani kisha akampa mama uamuzi huo, huku akibainisha kwamba yeye haamui kama jambo lenyewe ni sawa au si sawa, bali anaamua mzozo wa wazazi. Msichana alifariki tarehe 17 Oktoba 2016, na mwili wake ukasafirishwa hadi Marekani. Gharama ilikuwa paundi 37,000.

Baba alikuwa amesema neno la kuzingatiwa. Aliuliza: hata kama itafaulu, naye akaamka baada ya miaka 200, atamkuta nani? Atakuwa katika nchi ya ugeni, hana jamaa, na huenda asikumbuke kitu.

Hospitali nayo ilitoa taarifa baada ya kifo. Wale wa kujitolea waliokuja kuandaa mwili hawakuwa na mpango mzuri, na katika siku ya mwisho ya uhai wa mtoto, mama alikuwa ameshughulishwa na maandalizi ya baada ya kufa hata hakuwa pamoja na mwanawe kikamilifu.

Ndugu zangu maimamu, hapa tusimame. Hatulisemi hili kwa kumcheka mama aliyefiwa. Tunalisema kwa sababu saa ile ndiyo saa ambayo sharia imeihifadhi kwa mambo machache mno: kumwelekeza mgonjwa Kibla, kumlowesha midomo, kumtamkia shahada kwa upole, kumfanya awe na dhana njema kwa Mola wake. Akishatoka roho, afungwe macho na taya, afunikwe, aombewe. Hakuna mashine. Kila kilichoamriwa hukufanya uutazame uso wake.

Tunavyosema katika fiqhi

Sisi hatutoi fatwa. Hilo lina wenyewe. Tunakusudia kuonyesha milango ambayo mufti ataipitia.

Kwanza, mauti. Mafaqihi wa madhehebu yetu ya Kishafii walitaja dalili za kufa: kulegea nyayo, kupinda pua, kubonyea panja na nyinginezo. Kisha wakasema kwamba aliyekufa ghafla au aliyezama, na kukawa na shaka, angojwe mpaka yakini ipatikane. Basi si kweli kwamba fiqhi huharakisha kuzika bila kujali. Huharakisha baada ya yakini. Nao Majma'u al-Fiqhi al-Islami ilipokutana Amman mwezi wa Oktoba 1986 iliamua kwamba hukumu za kifo hujiri kwa moja ya mambo mawili: moyo na pumzi kusimama kabisa na matabibu wakakata kwamba hakuna kurudi, au kazi zote za ubongo kusita kabisa na ubongo kuanza kuharibika. Aliye ndani ya tangi, ambaye moyo wake umesimama, damu yake imetolewa, na tabibu amekwisha kutamka, ni maiti. Matumaini ya mtu hayaondoi yakini, kwani kanuni yetu ni kwamba yakini haiondolewi na shaka.

Pili, haki za walio hai. Mjane wake anaanza eda ya miezi minne na siku kumi tangu siku ile. Mali yake ni ya warithi tangu saa ile. Hawezi kufananishwa na mafkudi, yaani aliyepotea habari zake zisijulikane, kwani yule hali yake imefichikana, na huyu tunajua yuko tangi gani. Na lau angehesabiwa mgonjwa, mke angeningʼinia umri wake wote, na mali ingefungwa kwa karne. Angalieni basi jinsi kaburi lilivyo rehema kwa walio juu ya ardhi.

Tatu, gharama. Katika mali ya maiti hutangulizwa matengenezo yake kwa kadiri ya ada, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha mirathi. Kugandisha si katika matengenezo aliyoyawajibisha Mwenyezi Mungu, na wasia wa maasi hautekelezwi hata kwa thuluthi. Tena bima ya maisha yenyewe ina maneno mengi kwa maulamaa.

Nne, heshima ya mwili. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyopokewa na Abu Daud, alilifananisha kosa la kuvunja mfupa wa maiti na la kuuvunja akiwa hai. Je, kukata kichwa? Na kumsimamisha kichwa chini pamoja na wanyama, mahali ambapo mwenzake analazwa kwa ubavu wa kulia ameelekea Kibla?

Lakini tusichanganye mambo. Kuhifadhi kwa baridi damu au kiungo cha tiba ni mlango mwingine, ambao maulamaa wameujadili peke yake. Mwaka 2023 wataalamu wa chuo kikuu cha Minnesota walieleza kwamba figo za panya zilizohifadhiwa kwa baridi hii hadi siku 100 zilipashwa joto, zikapandikizwa na zikafanya kazi. Hiyo ni tiba, na tiba tumeamriwa. Ila katika hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.), Mtume (s.a.w.) alipohimiza watu watibiwe, alitoa ugonjwa mmoja ambao hauna dawa, nao ni uzee. Na mpaka leo hajarudi hata mtu mmoja kutoka katika matangi hayo.

Tano, itikadi. Baadhi ya watu huogopa kwamba aliyegandishwa atakosa maswali ya kaburini au kufufuliwa. Hofu hiyo haina msingi. Maulamaa wamesema barzakhi humfika aliyezama baharini na aliyeliwa na mnyama. Na katika Sahihi mbili kuna habari ya mtu aliyewausia wanawe wamchome na kumtawanya kwa kumwogopa Mola wake. Mwenyezi Mungu alimkusanya na kumsamehe. Basi Mwislamu aliyegandishwa na jamaa zake pasipo ridhaa yake, yeye hana dhambi. Wajibu wetu ni kumdai kwa njia ya sheria ya nchi ile ili azikwe.

Chakula na punda

Tumalizie kwa kisa ambacho kinatosha. Katika Surat al-Baqara aya ya 259 ametajwa mtu aliyepita penye mji uliobomoka akashangaa vipi utahuishwa. Mwenyezi Mungu akamfisha miaka mia kisha akamfufua. Akaambiwa atazame chakula na kinywaji chake, havikuharibika. Akaambiwa atazame punda wake, naye alikuwa mifupa. Kisha mifupa ile ikainuliwa na kuvikwa nyama mbele ya macho yake.

Zingatieni. Kilichohifadhika ni chakula, nacho hakikupewa uhai. Kilichooza ni punda, naye ndiye aliyehuishwa. Kuhifadhika hakukuwa sababu ya kufufuka, wala kuoza hakukuwa kizuizi. Na katika Surat Yunus aya ya 92, Firauni aliokolewa mwili wake, na haikuwa karama kwake bali ni ishara kwa waliokuja nyuma yake. Ettinger na wenzake wamejenga kazi yao yote juu ya kuhifadhi, na aya hizi zimeondoa msingi wenyewe.

Bado lipo la kwetu sisi. Ni wepesi kuwastaajabia Wamarekani. Lakini katika miji yetu ya pwani, ambako wazee wetu walikuwa wakifa asubuhi na kuzikwa alasiri, leo maiti hutiwa friji ya hospitali siku tatu, nne, akingojwa mtoto aliyeko London au Toronto. Mama yuko ndani ya sanduku la baridi, ameandikwa nambari, na ndugu wanaulizana habari za tiketi ya ndege. Mtume (s.a.w.) ametuamuru kuharakisha jeneza, akatueleza kwamba akiwa mwema tunamtanguliza kwenye kheri. Kinachotufanya tumzuie ni kile kile kinachomzuia yule wa Arizona: hatutaki kukubali kwamba amekwenda. Tofauti ni ya siku.

Basi maimamu wawaambie watu wakiwa wazima, kabla ya msiba: mtoto aliye mbali dua yake itafika kabla ya ndege yake, na hata kumsalia mzazi wake kwa ghaibu, madhehebu yetu yameruhusu. Na kila mtu aandike wasia wake kwamba asicheleweshwe.

Mwenyezi Mungu atujaalie mwisho mwema, na atupe makaburi yenye wasaa na nuru. Amin.

Wabillahi tawfiq.